Ukurasa wa Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Kiroboto amekula ukurasa wa tisa. Si wote. Kona ya chini tu, upande wa kulia, kipande cha ukubwa wa biskuti. Nimemtia kidole mdomoni nikaokoa nusu. Nusu nyingine imeshakwenda zake. Kwa hiyo sasa hivi tumboni mwa mwanangu kuna nota mbili nyeusi zenye mikia. Alicheka, akanyoosha mkono apewe na ukurasa wa kumi.

Ana mwaka mmoja na miezi minane. Meno manane, na yote yana kazi.

Niandike ilivyokuwa, kabla hajaamka tena. Asubuhi nilikuwa napiga deki jukwaani. Mama Vidole alikuwa kwenye piano yake. Ndiye mpiga piano wa ukumbi wetu, mama mtu mzima, mweupe wa nywele, hacheki ovyo. Alikuwa anamweleza Meneja kwamba mgeuza kurasa wake amepata kazi benki. Onyesho ni Jumamosi saa kumi, muziki ni mpya, kurasa ishirini na nne, mikono yake yote miwili ina shughuli. Nani atamgeuzia? Anataka mtu anayesoma nota. Meneja akakuna kidevu. Nikasikia mtu anasema, mimi. Nikageuka nimwone. Kumbe ni mimi.

Meneja alicheka mpaka akashika piano. Nikasema niliimba kwaya shuleni. Ni kweli niliimba. Nota zilikuwa ubaoni, na mimi nilikaa nyuma ya msichana mrefu. Mama Vidole akanitazama, akalitazama tambara langu, akanikabidhi kurasa. Kaziangalie, njoo kesho saa mbili.

Sikuropoka bure. Jumapili mama mkwe anakwenda kwa wifi yangu aliyejifungua mapacha. Miezi mitatu. Yeye ndiye anayekaa na Kiroboto nikiwa kazini. Na kwenye mlango wa stoo ya ukumbi kumebandikwa sheria: wafanyakazi wasije na watoto. Lakini wasanii wana chumba chao, na msanii huja na amtakaye. Mpiga tarumbeta wa mwezi uliopita alikuja na mbwa. Sasa, mtu anayekaa jukwaani kando ya piano, mbele ya watu, ni nani kama si msanii? Kiroboto atakaa chumba cha wasanii, na mimi nitapiga deki nikijua alipo.

Mama mkwe ameuliza kwa nini nisimwombe tu Meneja. Kuuliza si ujinga, alisema. Nikaitikia ndiyo mama. Wazee hawazijui ofisi.

Ile kona nimeinyoosha kwa mkasi. Haionekani kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Imeonekana. Mama Vidole hakumaliza hata kukaa. Akapitisha kidole pale palipokatwa, akauliza, panya? Nikasema panya. Meneja alikuwa nyuma yetu.

Mazoezi. Muziki wenyewe una vituko. Nusu umevaa tai, nusu umevua viatu. Unaanza kwa heshima zote, kama watu wanaosubiri mgeni rasmi. Halafu mkono wa kushoto unaanza kutembea kama mtu aliyepewa habari njema njiani, na mkono wa kulia unachelewa makusudi. Mama Vidole anasema huu ni muziki wa klasiki uliokaa sana na jazi mpaka ukaambukizwa. Nimeupenda. Sikutegemea.

Ishara ni moja. Akitikisa kichwa, nageuza. Rahisi! Kumbe jazi ikianza kichwa chake hakitulii. Niligeuza kurasa sita kwa pumzi moja. Tukafika ukurasa wa saba yeye yuko mwanzo wa wimbo. Hakugomba. Alizirudisha moja moja, akaanza upya.

Kufika saa nne nilikuwa nimeijua siri. Kichwa cha raha hutikisika pamoja na bega. Kichwa cha kugeuza hutikisika peke yake, na kabla yake anavuta pumzi puani, kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi. Nota za nini? Mimi nimepata pua.

Dirisha alikuwa anatazama. Huyu ndiye muuza tiketi, tumempa jina la pale anapokaa. Alisomea muziki miaka miwili na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Anaitaka hii nafasi. Aliningoja nishuke, akasema mbele ya watu, "Mama Kiroboto, nota si madoa. Zikikushinda huwezi kuzifuta." Walicheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa adabu. Nitamweza.

Jumatano, 6 Machi

Meneja amenunua mitego kumi ya panya na kuniamuru niitege. Nimeitega. Mchana mzima nimeinama chini ya viti kumtega panya ambaye analala kitandani kwangu amekumbatia kijiko.

Fundi wa piano alikuja. Mzee mpole, mkoba wa vyuma, sikio moja daima kaliinamisha. Amekaza nyuzi zote ila ameiacha pedali ya kulia, na hiyo ndiyo inayonikera tangu mwaka jana. Ikikanyagwa inalia kwii. Ikiachiwa, kwii nyingine. Nikamshauri tuitie mafuta. Alishtuka kama nimemtukania mama. Akasema ndani ya piano kuna sufu, ngozi na mbao, mafuta hayaingii humo, hii si bawaba ya mlango. Atakuja kubadilisha kingozi mwisho wa mwezi, na mpaka siku hiyo mtu asiguse. Nimesikia.

Halafu nikamchimba kijanja. Nikamuuliza kama kurasa huenda mbele tu. Akasema la, muziki mwingine hurudi nyuma. Ukikuta nukta mbili unarudi ulikotoka, unapiga tena yale yale, na hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika.

Hilo nimeliweka. Halitaoza.

Jumatano, jioni

Mume wangu amekubali kuwa piano. Yaani kuwa mpiga piano. Ni fundi wa friji, vidole vinene, lakini mezani alikaa vizuri, kopo lake la mafuta ya mashine kushoto na kalenda ya zamani mbele yake. Nilimfundisha ile pumzi ya puani. Alipiga meza, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Nikageuza Januari. Akatikisa tena. Februari. Machi. Aprili. Nikaona tunakwenda vizuri ajabu, nikainama kumpongeza. Alikuwa amelala.

Mama mkwe alisema mwaka wetu umeisha mapema.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Mama mkwe alikwenda kununua nguo za wale mapacha. Nikaja na Kiroboto kwa mlango wa nyuma, nikamweka stoo kati ya ndoo mbili na kijiko chake. Dakika ishirini tu. Dirisha akaja stoo kutafuta balbu. Tangu lini muuza tiketi anatafuta balbu?

Meneja hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifunga mlango wa ofisi taratibu, akasema sheria ni moja, na akimwona mtoto tena tutaondoka watatu: mimi, mtoto na ndoo. Nilisimama pale nalitazama shati lake. Kiroboto akampa kijiko. Hakukipokea. Akasema pia kesho Dirisha atajaribiwa kugeuza, na Mama Vidole atachagua mmoja.

Nililia stoo kidogo. Kiroboto alinifuta kwa tambara la madirisha.

Halafu kuna jambo jingine limenitia hofu. Ukurasa wa kumi na saba. Una mstari mmoja wa nota, maneno mawili ya kigeni, basi. Kuanzia hapo ni weupe mpaka chini. Nadhani waliochapa waliishiwa wino. Na Mama Vidole akifika pale hunyanyua mikono, husema hapa tutaona siku yenyewe, geuza. Jumanne alisema hivyo. Jana alisema hivyo. Leo tena.

Hajui! Ukurasa wenyewe hauna kitu, na kilichopaswa kuwepo hakijui. Anaona haya kusema. Mtu mzima kama yule, nywele nyeupe, Jumamosi atakwama mbele ya ukumbi mzima, na Dirisha atakuwa dirishani anachungulia.

Sitakubali. Nimeshapanga. Ukurasa wa tisa ndio anaoupenda, akifika pale hutabasamu kwa upande mmoja. Na wa tisa hauna kona. Kidole changu kinaukuta bila macho. Akipotea kwenye ule weupe, namrudisha wa tisa, mahali anapopajua. Fundi mwenyewe alisema hakuna anayelalamika.

Kiroboto, mwanangu, kumbe ulikuwa unanisaidia.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwambia Dirisha kwamba majaribio yamesogezwa mpaka saa nne. Akanishukuru sana. Saa mbili kamili nikamkuta ameshakaa kando ya piano. Alimpigia simu Mama Vidole kuuliza. Watu wengine hawana imani na wenzao.

Na anajua. Lazima niandike ukweli, kitabu hiki hakisomwi na mtu. Mkono wake unakwenda kabla ya kuombwa, ukurasa unageuka bila sauti, kama mtu anayefunika mtoto. Nilisimama kwenye pazia na ndoo yangu nikaona mpango wangu unakwenda na maji. Nikamwona Kiroboto stoo. Nikatuona watatu barabarani, mimi, yeye na ndoo.

Ndipo Dirisha akasukuma mkoba wake chini ya kiti kwa mguu.

Mtego namba saba. Niliutega Jumatano kwa mikono yangu. Ulifyatuka, ukauma mkanda wa mkoba, mkoba ukaruka, Dirisha akapiga yowe akapanda juu ya kiti, na kurasa zote ishirini na nne zikamwagika jukwaani. Mama Vidole alingoja mpaka kimya kirudi. Akasema amechoka, vurugu za wiki hii zimetosha, atabaki na yule aliyemzoea.

Nilizikusanya kurasa. Dirisha alikuwa ananyoosha mkanda wa mkoba. Nikamletea maji. Akauliza kama nimeyatia sumu. Nikasema hapana. Akanywa.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika mkono wangu ukiwa bado unanuka marashi ya Mama Vidole. Nitaeleza.

Nilivaa gauni jeusi la mama mkwe, lile la mazishi, limebanwa pini sita mgongoni. Kiroboto na bibi yake walikuwa chumba cha wasanii! Kwenye kochi! Meneja aliwaona akapita. Nikasema moyoni, umeona?

Ukumbi ulijaa. Sijawahi kuuona kutoka upande ule. Viti ninavyovifuta kila siku vilikuwa na nyuso.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Pumzi, kichwa, nageuza. Bega, sigeuzi. Wa tisa akatabasamu kwa upande. Pedali ikalia kwii mara arobaini, nilihesabu, hakuna aliyegeuka. Wa kumi na tano. Wa kumi na sita. Nikaanza kutoka jasho kwenye pini. Wa kumi na saba.

Akapiga ule mstari mmoja. Akafumba macho. Mikono ikaanza kwenda. Kwenda wapi? Kwenye karatasi hakuna kitu! Ikapanda, ikashuka, ikapapasa, ikagonga mahali pamoja mara tatu kama mtu aliyesahau mlango wa kwake. Watu wakasogea mbele vitini. Nikamwona mama yangu, sijui kwa nini, mama yangu mwenyewe, amepotea sokoni. Kidole kikaikuta ile kona. Nikarudisha. Wa tisa.

Akafumbua macho. Akatazama ukurasa, akanitazama mimi. Mimi nikampa kichwa, kama kusema, pitia hapa Mama, usiogope.

Akacheka. Huyu asiyecheka ovyo. Mabega yakatikisika, mikono haikusimama, akaingia ukurasa wa tisa kwa mlango wa nyuma, taratibu, kama aliyekuwa anauendea tangu mwanzo. Nilimwokoa! Nikageuza wa kumi, wa kumi na moja, nimevimba kifua.

Sikufikiri jambo moja. Ukirudi wa tisa, wa kumi na saba unakungoja tena.

Tukafika. Mstari mmoja, macho yakafumbwa, mikono ikaondoka. Nikanyoosha kidole kwenye kona. Mama Vidole, macho bado yamefumbwa, akautoa mkono wake wa kulia kwenye piano, akaushika mkono wangu, akauweka mapajani kwake na kuubana pale. Akaendelea kwa mkono wa kushoto peke yake.

Sijui ilikuwa muda gani. Mkono wake ni mkavu na wa moto. Ule wa kushoto ulitembea peke yake chini kule kwenye sauti nene, bila haraka, na mimi nimeshikwa kama mtoto anayevushwa barabara. Kisha akaniachia, akapumua puani, akatikisa kichwa. Nikageuza wa kumi na nane. Nilikuwa nalia, sijui kwa nini.

Walisimama wote. Walipiga makofi mpaka Kiroboto akasikika huko nyuma naye anapiga. Mzee mmoja wa safu ya kwanza alisema pale pa mkono mmoja hajawahi kuona ubunifu kama ule.

Mama Vidole aliniita chumbani kwake akafunga mlango. Nikajua nimekwisha. Alikaa, akavua viatu.

"Mwanangu, pale sikuwa nimepotea. Pale wameniachia nafasi nijipigie yangu. Ndiyo maana ni peupe."

Nikatazama sakafu. Ina madoa, nitairudia.

"Nota huzijui."

"Sizijui, Mama."

"Nilijua tangu Jumanne. Mgeuzaji gani anaitazama pua yangu?" Akajikanda vidole. "Miaka thelathini watu wanakaa kando yangu wanatazama karatasi. Wewe ndiye wa kwanza kuniogopea. Ulikuwa unataka nini hasa?"

Nikasema yote. Mapacha, stoo, kijiko, mbwa wa mpiga tarumbeta. Hata panya nilimtaja kwa jina lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Si ungeniuliza?"

Akatoka miguu mitupu kwenda kwa Meneja. Hazikuisha dakika mbili. Kuanzia Jumatatu, Kiroboto atakaa kwenye mazoezi kila asubuhi Mama Vidole akipiga. Kwa sharti moja: asipewe karatasi.

Kuuliza! Wiki nzima hii!

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe ameondoka. Nilimweleza ilivyokwisha. Hakusema nilikuambia, alinipangusa tu bega, mahali pasipo na vumbi.

Kugeuza atageuza Dirisha. Ni haki. Imeniuma kidogo mahali fulani, halafu ikaacha. Nimemrudishia mkanda wa mkoba uliochanwa na mtego, nimeushona. Aliukagua mshono wote, akasema si mbaya kwa mtu asiyesomea.

Nimejifunza na naandika hapa ili nisisahau: jambo ukilitaka, uliza. Na usichokijua, usikiguse.

Jumanne, 12 Machi

Kiroboto yuko chini ya piano na kijiko chake. Jana alilala pale saa nzima wakati Mama Vidole akipiga ile ya kutembea. Alipoamka akacheza. Ana njia yake, anachelewa makusudi.

Nina furaha mpaka naogopa. Maana ruhusa ya mdomo hupeperuka. Meneja ana sahihi, Mama Vidole ana maneno tu. Nimefikiri usiku kucha: mtu hafukuzwi kama hakuna anayeweza kazi yake. Fundi harudi mpaka mwisho wa mwezi. Na kwii ile inamuumiza Mama Vidole, nimeona anavyokunja uso, ingawa sikumuuliza. Shukrani haiulizwi, hutendwa tu.

Kwa hiyo leo nimewahi. Kopo la mume wangu la mafuta ya mashine, tone moja kwenye pedali. Kwii ikafa palepale! Nikatia na pedali ya kati, isione wivu. Kopo lilikuwa bado zito, nikafunua mfuniko wa juu. Ndani kuna vinyundo vingi vya sufu, vimepangwa kama meno, vikavu, masikini, vimekauka kabisa. Nimevipaka vyote. Kimoja kimoja, kwa brashi ya Kiroboto ya nywele. Kuna fundi gani mwenye subira hiyo? Nikajaribu kwa kidole. Sauti imekuwa ya upole ajabu, kama watu wanaozungumza chini ya blanketi.

Mama Vidole amefika, yuko kwenye piano sasa hivi. Naandikia hapa stoo, mlango wazi. Amepiga nota moja. Amepiga tena hiyo hiyo. Sasa naona anafunua mfuniko, atakuwa ametambua mkono wa mtu.

Ananiita. Mama Kiroboto, mara ya pili hii, na Meneja naye ametoka ofisini, wanashukuru kwa heshima kweli watu hawa. Ngoja niende, bila shaka anataka kuniambia kwamba kuanzia leo